Tabora: Nani Hasa Mwenyeji?

Mtaani Dar ukisikia mtu anasema "mshikaji siku hizi yuko Unyamwezini", usikimbilie stendi kumtafutia basi la Tabora. Jamaa yuko Marekani. Vijana wameshazoea: Unyamwezini ni majuu, Mnyamwezi ni brazameni wa kule, mwenye kofia ya kugeuza nyuma na Kiingereza cha puani.

Lakini Unyamwezi yenyewe, ile ya kwenye ramani, iko palepale ilipo, magharibi ya Tanzania, na mji wake mkubwa ni Tabora. Na jina hilo la Mnyamwezi hawakujipa wenyewe. Walipewa na watu wengine, njiani, wakiwa na mizigo mabegani.

Hapo ndipo stori inapoanza. Maana kama kuna mji mmoja Tanzania ambao watu wake wameitwa majina mengi, ni Tabora. Wanyamwezi, waungwana, washenzi, Wamanyema, Waarabu, wenyeji, wananchi, na sasa hivi wapo hadi wanaoitwa raia wapya. Ukiyasikia haraka unaweza kudhani ni maneno ya kujaza kamusi tu. Ila kila jina lilikuja na ishu yake: nani alipe kodi, nani apige kura, nani akae, nani aondoke.

Jina lililotoka pwani

Karne ya 19, kabla reli haijafika, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ni kwa miguu. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora, Novemba 7 mwaka huohuo. Zaidi ya miezi minne. Leo basi linaondoka Dar alfajiri, na usiku abiria yuko Tabora analalamika kiti kilikuwa kinabana.

Waliobeba biashara ya njia hiyo hawakuwa punda wala ngamia. Ni watu. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo, shanga na waya za shaba zikapanda bara, vyote mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, ulikuwa wa kawaida kabisa. Na wapagazi wenye sifa kuliko wote walikuwa vijana kutoka nchi ya Tabora. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa wanafanya kazi ya malipo, wanajadiliana bei, na wakiona bosi anawazingua wanatua mizigo chini. Kijana ambaye hajawahi kuiona bahari, kijijini kwao alikuwa bado hajawa mwanaume.

Sasa wakifika pwani, watu wa pwani waliwaita nini? Huko kwao walijitambulisha kwa utemi wao. Huyu wa Unyanyembe, yule Mgalaganza, mwingine Mdakama, maana yake mtu wa kusini, kama vile Msukuma alivyo mtu wa kaskazini. Hapakuwa na kabila moja lenye bendera moja. Lakini mtu wa pwani hakuwa na muda wa kuchambua yote hayo. Kwake hao wote wametoka kule magharibi, upande ambao mwezi mwandamo huonekana. Maelezo yanayokubalika na wengi ni hayo: Wanyamwezi, watu wa upande wa mwezi.

Jina likanata. Waliopewa wakalichukua, wakalifanya lao, na leo wanajivunia.

Na kinachochekesha, walipokwenda upande wa pili wakapata jina lingine. Katikati ya karne hiyohiyo, mfanyabiashara mmoja kutoka Unyamwezi, Msiri, alikwenda na watu wake hadi Katanga kufuata shaba na pembe. Akabaki. Akajenga dola yake Bunkeya, ikaitwa Garenganze, jina lililotokana na wale Wagalaganza wa nyumbani. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wajukuu wa watu hao wapo Kongo mpaka leo, na hakuna anayewaita Wanyamwezi. Wanaitwa Wayeke.

Yaani ndugu wa nyumba moja, akielekea mashariki anakuwa Mnyamwezi, akielekea magharibi anakuwa Myeke, akibaki nyumbani ni Mnyanyembe au Mgalaganza.

Mtumwa Unguja, muungwana Tabora

Jina la pili lina ujanja zaidi: muungwana.

Leo ukimwambia mtu "wewe ni muungwana" umemsifia adabu zake. Pwani ya zamani neno hilo lilikuwa na makali zaidi. Muungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Mtumwa hakuthubutu kujiita hivyo mbele ya bwana wake.

Lakini misafara ilikuwa na mambo yake. Mtu aliyekuwa mtumwa Unguja, au mtumwa aliyeachwa huru juzi tu, akishavaa kanzu, akasali, akaongea Kiswahili, akavuka Ugogo na kuingia Tabora, huko alikuwa muungwana. Nani angembishia? Waliomjua hawapo. Msafara mzima wa watu wa pwani uliitwa waungwana, na wazungu waliopita njia hiyo waliliandika jina hilo kwenye vitabu vyao kama jina la kabila. Lilivuka hadi ziwa. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana, kutokana na neno hilohilo.

Mtazame Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Afrika akiwa na jina la mji wa Kihindi. Ndiye aliyemwongoza Speke, baadaye Stanley, baadaye Cameron. Myao kwa kuzaliwa, Bombay kwa jina, muungwana kwa kazi. Tabora aliingia na kutoka mara nyingi. Ukimuuliza "kwenu wapi?", angeanzia wapi?

Huyo angalau jina lake limebaki. Maelfu waliokuwa nyuma yake wakibeba mizigo, majina yao hayapo popote. Waliandikwa kwa jumla: wapagazi 30, wapagazi 100, wengine wametoroka, wengine wamekufa njiani.

Na ukishakuwa na waungwana, lazima upate wasio waungwana. Hao waliitwa washenzi. Neno hilo leo ni tusi tupu, lakini kwenye njia ya msafara lilikuwa pia neno la kugawa watu: ambaye si wa pwani, haongei kama sisi, havai kama sisi. Kwa hiyo mtu anaingia kwenye mji wa wenzake, anapewa chakula chao na maji yao, halafu wao ndio anawaita washenzi. Mgeni ndiye anayegawa majina.

Ugomvi wa mwenye mji

Hebu lichukue neno mwenyeji, ulitazame taratibu. Mwenye mji. Mtu ambaye mji ni wake. Ukifika kwake unabisha hodi, unakaribishwa, unaonyeshwa pa kulala. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini pia wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukarimu upo, ila mwenye nyumba anajulikana.

Tabora shida ilianzia hapo. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe aliwapokea wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani, wakajenga tembe zao jirani na ikulu yake, na biashara ikachanganya. Hata undugu uliingia: baba yake Tippu Tip alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Mgeni akawa mkwe.

Fundikira akafariki 1858. Aliyemrithi, Mnywa Sele, akasema jambo ambalo leo hakuna serikali isiyolisema: mnafanya biashara kwangu, lipeni kodi. Wafanyabiashara hawakutaka. Vita vikazuka, Mnywa Sele akafukuzwa kwenye mji wake mwenyewe, na wageni wakamsaidia Mkasiwa kukaa kwenye kiti. Mnywa Sele alihangaika porini miaka kadhaa akijaribu kurudi, mpaka akauawa mwaka 1865.

Mtemi anafukuzwa na wageni wake kwa sababu amedai ushuru. Sasa hapo mwenye mji ni nani?

Mirambo, mtemi wa Urambo, magharibi ya Tabora, aliliona hilo vizuri. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Anayetaka kupita atoe hongo. Na hapa usichanganye: wakati ule hongo haikuwa kitu cha kupitishia chini ya meza. Ilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu, unalipwa hadharani kwa nguo na shanga. Maana ya leo ilikuja baadaye, wenye nchi walipokwisha kunyang'anywa mamlaka ya kutoza. Henry Morton Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu wa Tabora. Wakapigwa, akatoka mbio na wenzake, ikabidi azunguke kwa njia ya kusini ili afike Ujiji.

Mtemi wa mwisho kupigana kwa silaha pale Unyanyembe ni Isike. Januari 1893 Wajerumani waliivunja ngome yake, naye akawasha baruti aliyokuwa ameihifadhi ndani badala ya kushikwa mzima. Baada ya hapo ubishi wa nani mwenye mji ulikwisha kwa mtindo wa kikoloni: mwenye mji ni mwenye bunduki.

Neno linaposhushwa cheo

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza, walikuja na neno lao: native. Sheria ya mwaka 1926 ya Gavana Donald Cameron iliwapa watemi madaraka ya kutawala watu wao chini ya serikali ya kikoloni, na neno hilo likawa kila mahali, kwenye mahakama, kwenye kodi, kwenye shule. Kwa Kiswahili likatafsiriwa mwenyeji.

Sasa fikiria hicho kituko. Mwenyeji, ambaye kwa maana ya Kiswahili ndiye mwenye mji, anayekaribisha, anayeheshimiwa, ghafla amekuwa mtu wa daraja la chini kwenye mji wake. Mzungu ni Mzungu, Mhindi ni Mhindi, wewe ni mwenyeji, kwa hiyo subiri nje.

Ndiyo maana harakati za uhuru zilihitaji neno lingine, na neno lililoshika ni mwananchi. Mwana wa nchi. Halikuulizia utemi, halikuulizia ulitoka msafara gani. Raia lilikuwepo tangu zamani, ila lilitoka Kiarabu likiwa na harufu ya mtu anayetawaliwa na sultani. Mwananchi hana sultani.

Na pa kulipima neno hilo palikuwa Tabora palepale. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu mjini humo, na ajenda ilikuwa chungu. Serikali ya kikoloni ilileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walikuja wamekasirika, wanataka kususa. Hoja yao ilieleweka kirahisi: wenyeji ni mamilioni, hao wengine ni wachache, iweje kura zigawanywe sawa?

Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, akasimama kuwashawishi waingie kwenye uchaguzi hivyohivyo. Tukisusa, wengine watachukua viti. Mwisho wakakubali, ndio unaoitwa Uamuzi wa Busara. Si wote waliofurahi. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake, akitaka Afrika iwe ya Waafrika. TANU ikaunga mkono wagombea wa rangi zote na ikashinda.

Swali likarudi tena Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, ulipojadiliwa muswada wa uraia. Wapo waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere akakataa kabisa kupima uraia kwa rangi ya ngozi, akasema yuko tayari kujiuzulu. Sheria ikapita bila kipimo cha rangi.

Mkazi, mzawa, mwenyeji: tofauti iko wapi?

Siku hizi maneno yamepumzika kidogo, lakini kila moja bado lina kazi yake. Soma habari uone. Bomba likipasuka ni "wakazi wa Tabora walia na maji", kwa sababu mkazi ni anayekaa tu, haijalishi ametoka wapi. Mkuu wa mkoa akihutubia ni "wananchi wamejitokeza kwa wingi". Mashabiki wa Yanga wamelichukua neno hilo zima zima, timu yao ni Wananchi, bishana nao ukiweza. Kwenye ajira na tenda utasikia mzawa, na hapo ujue kuna mtu anataka mwingine apunguzwe kwenye foleni.

Halafu mpira ndio unaonyesha mwenyeji ni neno la namna gani. Mechi ikichezwa uwanja wa Ali Hassan Mwinyi pale Tabora, timu ya nyumbani ni timu mwenyeji. Kipa anaweza kuwa ametoka Kongo, mshambuliaji Ghana, kocha anatoka mbali zaidi. Hakuna anayeuliza. Mwenyeji ni yule anayempokea mwenzake.

Tabora yenyewe imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Wamanyema waliletwa kutoka mashariki ya Kongo, wengi wakiwa mateka au watumwa wa misafara. Manyema si kabila moja, ni jina la nchi walikotoka, makabila mbalimbali yaliyounganishwa na safari. Leo wapo Tabora, Ujiji, mpaka Dar ambako Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Nani atamwambia Mmanyema wa Tabora kwamba yeye ni mgeni?

Raia wapya

Lakini si kila mtu jibu lake limekuja kirahisi.

Mwaka 1972 Burundi iliingia kwenye mauaji makubwa, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwapa maeneo matatu ya kuishi na kulima: Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ulyankulu iko mkoa wa Tabora, kwenye ardhi ambayo karne moja nyuma ilikuwa chini ya Mirambo. Walifyeka pori, wakalima tumbaku na mahindi, wakazaa. Watoto waliozaliwa pale walikua wakijua Kiswahili na shule ya pale, ila kwenye karatasi walibaki wakimbizi. Wajukuu nao.

Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba zaidi ya 160,000 kati yao wamepewa uraia wa Tanzania. Shangwe. Lakini kulikuwa na sharti: wahame kwenye makazi hayo, wasambazwe mikoa mingine, na makazi yafungwe. Vyeti vikasubiri. Kwa hiyo mtu ni raia, ila sehemu pekee anayoijua kama kwao anaambiwa si kwake. Miaka ikapita. Mpango wa kuwahamisha ukaachwa, na mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kuwakabidhi vyeti vyao.

Tangu hapo wanaitwa raia wapya. Mzee aliyefika akiwa kijana mwaka 1972, aliyepanda mwembe na sasa unazaa, ni raia mpya. Mwanaye aliyezaliwa palepale naye ni raia mpya. Hilo "wapya" linakwisha lini? Sheria ilishamaliza kazi yake. Linalobaki ni la jirani, la mwalimu anayeita majina darasani, la karani wa ofisi anayetazama cheti kisha anamtazama mtu usoni, kisha anauliza lile swali ambalo kila Mtanzania ameshaulizwa:

"Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?"

Kwenye njia hii aliyejibu swali hilo kwa neno moja ni nadra. Mnyamwezi aliitwa hivyo na mtu wa pwani. Muungwana alijiita hivyo akiwa mbali na bwana wake. Mmanyema aliletwa kwa kamba. Mtemi aliyekuwa na haki zote za mwenye mji alikufa akiwa nje ya mji wake. Wote hao leo wana wajukuu Tabora, na wajukuu hao wakikaa kijiweni chini ya miembe iliyopandwa zamani za misafara, wanakunywa kahawa kwenye vikombe vilevile.

Akipita mtu na begi anauliza njia ya stendi, wote wanainuka kumwelekeza. Wao ndio wenyeji.